Majibu ya Mwanamke wa Ng'ambo

Kama umewahi kualikwa harusini, umeucheza. Kama hujawahi kualikwa, pole, lakini bado umeusikia, maana wenyewe umepita kanisani, umepita kwenye tangazo la sabuni, na siku hizi unalia kwenye simu za watu. Ni ule wimbo wa mwanamume aliyesimama kando ya mto, anamwita mwanamke aliye ng'ambo amletee mtumbwi. Anaita mara tatu. Kila akiita, sauti ya mwanamke inajibu kutoka mbali, mbali kabisa, kama harufu ya jikoni kwa jirani: unajua kuna kitu kinapikwa, hujui ni nini.

Anayeita ni kaka yangu. Anayejibu ni mke wake, shemeji yangu. Anayepiga ngoma ni mimi. Na ule umbali unaowaliza watu, niseme mapema tusidanganyane, ni umbali wa kutoka sebuleni hadi chooni.

Wimbo wenyewe hatukuutunga. Bibi yetu aliuimba akipepeta nafaka, naye aliupata kwa mama yake, ambaye hakuna aliyekumbuka kumuuliza aliutoa wapi. Kwa bibi, mwanamume anaita, na wanawake wote walio karibu na ungo wanajibu, "Naja, naja," basi, mpaka nafaka iishe. Kaka aliuchukua akiwa kijana mwenye gitaa la umeme la kuazima na suruali pana kuliko akili zake. Akaupunguza mwendo, akauongezea uchungu na waya. Wazee wakasema ameuharibu. Vijana wakasema ameutengeneza. Wakagombana hivyo hivyo huku wote wanauimba, na hapo tukajua wimbo umeshika.

Tuliurekodi nyumbani kwa fundi redio mmoja. Sebule yake ilikuwa na magodoro yaliyoegemezwa ukutani na kipaza sauti kimoja tu, kinaning'inia katikati kama taa. Kipaza kikiwa kimoja, watu hupangwa kwa ukubwa wa sauti zao. Mwenye sauti ndogo husogezwa karibu, mwenye kelele huondolewa. Kaka ana sauti ya kubembeleza, sauti ya mtu anayeomba radhi kabla hajakosa, kwa hiyo aliwekwa puani pa kipaza. Mimi na ngoma zangu tukatolewa koridoni. Shemeji, siku hizo bado mchumba, alifungua kinywa mara moja tu, fundi akavua hedifoni akaanza kujisugua masikio.

Akarudishwa nyuma. Akarudishwa tena. Mwishowe akanipita pale koridoni, viatu mkononi ili visigonge sakafu, akaingia chooni akaacha mlango wazi. Baadaye watangazaji wengi wamesema kwa sauti nzito kwamba mwimbaji wa kike aliimba kwa unyonge wa mapenzi. Unyonge wa nani? Aliwekwa kule kwa sababu angemmeza mchumba wake mzima mzima, na gitaa lake.

Sasa, mtu aliye chooni, akijua kwamba maneno yake hayafiki vizuri sebuleni, hupata uhuru ambao hata wabunge hawana. Shemeji hakuyapenda yale majibu ya bibi. Aliona "naja, naja" ni majibu ya mtu ambaye hajauliza anakokwenda. Kaka akaita kule ndani kwa uchungu wote aliokuwa nao:

*Wa ng'ambo ee, wa ng'ambo,*
*leta mtumbwi nivuke,*
*nimekuja na ng'ombe wangu.*

Na kutoka chooni, juu ya mlio wa ngoma zangu, nikasikia:

*Ng'ombe nampokea leo,*
*wewe utavuka kesho.*

Nilicheka. Mkono wa kushoto ukachelewa, wa kulia ukarudi kuutafuta, ngoma ikajikwaa kama mgeni kwenye kizingiti. Nikajua tutaanza upya. Fundi akasema mkanda uliobaki hautoshi kuanza upya, tuendelee. Tukaendelea. Shemeji akajibu la pili, akajibu la tatu, na lile la tatu nililipokea nikiwa nimeuma kola ya shati.

Kwenye santuri kulibaki mnong'ono tu wenye lahani tamu. Aliyeyasikia maneno yote ni mimi, kwa kuwa nilikaa katikati ya njia. Kaka aliamini mke wake anaimba "naja, naja" ya bibi. Na jukwaani, kwa vile watu walitaka wimbo usikike kama kwenye santuri, Shemeji aliimba nyuma ya pazia miaka nenda miaka rudi, anamjibu mumewe atakavyo, naye mumewe anafumba macho kwa hisia, na mimi katikati naharibu makola.

Wimbo ukishatoka nyumbani ni kama binti aliyeolewa mbali. Habari zake unazipata kwa wapita njia. Wa kwanza kuuchukua walikuwa wanakwaya. Kwao mto ukawa kifo, mwanamume akawa mwenye dhambi, mwanamke akawa malaika, na kwa kuwa jibu la malaika halikusikika kwenye santuri, walimtungia: "Tubu kwanza, tubu kwanza." Bendi za harusi zikaona habari ya kutubu itamkwaza bwana harusi. Wao wakamfanya mwanamke ajibu, "Niko tayari, mpenzi," na hapo ndipo bibi harusi huinuka kitini. Halafu likaja tangazo la sabuni, ambamo mwanamke hawezi kuleta mtumbwi kwa sababu hajamaliza kufua, ila kwa sabuni ile atamaliza sasa hivi. Mwaka jana kijana mmoja anayejiita Chuma akaupeleka mbio, akaujaza mitambo. Kwake mwanamume haiti, anapiga simu, na jibu kutoka ng'ambo ni ile sauti ya dada wa mtandao: mteja unayempigia hapatikani kwa sasa. Nikubali kwamba hilo lilinichekesha.

Majibu yote hayo tofauti. Ila wote, kuanzia malaika hadi Chuma, wameiacha ile ngoma yangu ijikwae pale pale. Mpiga ngoma wa kwaya aliniambia ilimchukua wiki nyingi kujifunza kukosea vile. Nikampa pole. Mimi ilinichukua ng'ombe mmoja.

Shemeji huuza vitambaa, mlango wa pili kutoka karakana yangu ya makochi. Kila toleo jipya likipigwa redioni, alikuwa anaongeza sauti, anasikiliza jibu la mwanamke, kisha anazima. Siku lile la Chuma lilipotoka, alikuja kwangu na mita zake za kitambaa begani, akakaa kwenye kochi lisilo na foronya.

"Kila mtu anamjibia," akasema. "Malaika kajibu, sabuni imejibu, sasa na simu. Mimi hakuna aliyeniuliza."

"Wewe ulishajibu, shemeji. Majirani wa yule fundi walikusikia vizuri sana."

"Safari hii usinitanie." Akashika koo lake kwa vidole viwili, kama anayepima kitambaa. "Sauti yangu imeanza kuchubuka. Asubuhi inachelewa kuamka. Nataka majibu yangu yasikike sauti ingali yangu. Mara moja tu, halafu waendelee na simu zao."

Nikajifanya natafuta nyundo.

Siku chache baadaye kaka aliingia karakana amevaa kofia ya kutokea. Redio walikuwa wamempigia. Wanaandaa kipindi cha Jumapili mchana juu ya wimbo wetu: watapiga matoleo yote, la kwaya, la harusi, mpaka la Chuma, na mwisho wanataka wenyewe waliouanzisha waingie studio waurekodi upya. Shemeji alikuwa amesimama pale pale, ananikatia kitambaa.

"Vizuri," akasema. "Safari hii nasimama mbele."

"Mbele wapi?" kaka akauliza.

"Mbele ya kipaza. Pale unaposimama wewe."

"Pale nimesimama mimi tangu wimbo uanze."

"Ndiyo maana nafikiri umechoka."

Kaka akanitazama. Nilikuwa na misumari midogo mdomoni, kama fundi yeyote wa makochi akiwa kazini, kwa hiyo nilikuwa na sababu halali ya kunyamaza.

"Mama watoto, uzuri wa ule wimbo ni umbali. Watu wanalia kwa sababu uko mbali."

"Wanalia upande wako, baba watoto. Mimi huko mbali sijawahi kulia hata siku moja."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa najibu."

"Naja, naja," kaka akasema, kama anamkumbusha.

Shemeji akanigeukia. Nikaongeza misumari mdomoni.

"Chooni siingii tena," akasema, akauviringisha mkasi wake kwenye kitambaa. "Na nyuma ya pazia pia sirudi. Mkitaka sauti ya mbali mkachukue ya simu."

Baada ya hapo nyumba yao ikajaa adabu. Usiombe. Mume na mke walioishi pamoja muda mrefu wakianza kuambiana "tafadhali" na "samahani, naomba nipite", ujue paa linakaribia kuondoka. Nilikwenda kula kwao jioni moja nikadhani nimekosea nyumba nikaingia ubalozini. Kaka aliomba chumvi kwa sentensi nzima yenye kichwa na mkia. Shemeji akamshukuru kwa kuiomba. Mimi nilikula haraka nikaondoka kabla sijaambiwa karibu tena kwa heshima na taadhima.

Kila mmoja akawa anakuja kwangu kwa zamu. Shemeji alikuja kufanya mazoezi. Alifunga mlango wa karakana, akaimba majibu yake yote matatu katikati ya makochi, na vioo vya dirisha vikamwitikia. Kaka alikuja kukaa. Aliokota vipande vya sponji sakafuni, akavipanga, akavipangua.

"Mdogo wangu," akasema mwishowe, "nikitoka pale mbele, mimi ni nani?"

"Mwalimu wa gitaa, wanafunzi wako wa jioni wapo. Na kuna mwanamke anakuita baba watoto."

"Mtaani hawajui jina langu. Wananiita Wa Ng'ambo. Kinyozi ananipa kiti kabla ya wengine kwa ajili ya ule wimbo." Akakohoa. "Na sauti nayo umeisikia siku hizi. Nikiwa mbele angalau watu wanaiona sura, wanaikumbuka ilivyokuwa. Nikiwa nyuma kitabaki nini?"

Sauti yake nilikuwa nimeisikia. Ilikuwa imefika mahali pa mlango usiotiwa mafuta. Mimi ni mtu wa kutania; nimefukuzwa kazi mbili na nyumba moja nikitania. Lakini huwezi kumtania mtu aliyekuuliza swali la kweli huku ameshika sponji. Nikamwambia tu, "Mwenzako naye ana koo, kaka. Nenda kasikilize." Hakunielewa. Au alinielewa akaamua kuwa hakunielewa, wakubwa wana kipaji hicho.

Siku ya kurekodi tuliingia studio ya redio bado tukiwa na adabu zetu. Chumba kilikuwa na zulia mpaka ukutani, kioo kikubwa, na nyuma ya kioo fundi mitambo, binti mdogo mwenye miwani, mkarimu, asiyejua lolote la nyumbani kwetu. Alitaka kila mtu aingie kwenye kijumba chake avae hedifoni, halafu yeye atatusawazisha kwa kompyuta. Kaka akakataa. Akasema wimbo huu huimbwa na watu wanaongojana, hewa ile ile, kipaza kimoja. Kwa hilo Shemeji alikubaliana naye. Binti akaweka kipaza kimoja katikati ya zulia. Mimi nikabeba ngoma zangu nikaenda koridoni bila kuambiwa. Mazoea yana taabu. Ukinipa chumba kizuri nitakitafutia korido.

Kutoka pale niliwaona wote wawili kupitia mlango ulio wazi. Wamesimama bega kwa bega mbele ya kipaza, kila mmoja anamwachia mwenzake nafasi kwa heshima na hakuna anayetoka.

"Tujaribu sauti," binti akasema.

Kaka akaimba mstari. Shemeji akajibu kwa "la la la" tupu, maana silaha haitembezwi sokoni. Hata hivyo ile "la" ya kwanza ilipotoka, sindano za mitambo zililala upande mmoja zote.

"Mama ana sauti nzuri," binti akasema, akiwa anageuza vitufe haraka haraka. "Mzee, wewe sikusikii kabisa. Mama akirudi nyuma tutaupoteza ule ukali mzuri... Jaribu wewe kurudi, mzee. Tusikie mkiwa mmeachana."

Kaka akarudi hatua.

"Tena kidogo."

Akarudi.

"Bado mnakanyagana. Nyuma zaidi, mzee wangu."

Akafika mlangoni. Akasimama, akavuta koti lake.

"Binti, unajua mimi ni nani?"

"Nakujua sana, mzee, wewe ni yule wa mtoni. Bibi yangu anakupenda mpaka babu anazima redio. Hebu sogea tena."

Akaingia koridoni, akanipita. Sikumwangalia. Nilikuwa nakaza ngozi ya ngoma ambayo haikuwa imelegea. Aliimba kutoka pale, binti akasema inaanza kuja, inaanza kuja, ila zulia la korido linaimeza. Hakuna kitu chenye ukuta mgumu huko nyuma? Kaka akageuka. Nyuma yake kulikuwa na mlango mmoja tu, na juu yake pamechorwa kijitu cheusi.

Niliyasikia maji yakidondoka mle ndani.

Shemeji ndiye aliyekuja. Aliacha kipaza, akatoka kwenye zulia, akaja mpaka koridoni akasimama mbele ya mumewe, akamtazama. Nadhani aliuona uso wake, maana mimi niliuona na sikuupenda. Akainama akavua kiatu kimoja, akavua cha pili.

"Basi," akasema. "Nipishe. Nitaingia mimi, nimezoea."

Hakusema kwa uchungu wala kwa kejeli. Alisema kama mtu anayemaliza kukunja kitambaa ambacho mteja hatanunua. Kaka akaviangalia vile viatu mkononi mwake. Aliviangalia muda mrefu. Sijui alikuwa anahesabu kumbi zote ambamo mkewe alivivua nyuma ya pazia, au alikuwa anaona kwa mara ya kwanza kwamba huvivua. Kichwani mwa mtu hakuna dirisha.

"Vaa viatu," akasema.

"Baba watoto."

"Vaa, sakafu ina baridi. Na koo hilo." Akavua kofia, akaipachika kwenye ngoma yangu ndogo bila kuniomba ruhusa, akausukuma mlango. Akachungulia, akaingia. Tukasikia akifunga koki vizuri, tone likakoma. Halafu kichwa chake kikatokea.

"Mlango nifunge au niache?"

"Uache wazi," Shemeji akasema. "Mimi huwa nauacha wazi."

Alirudi ndani na viatu vyake miguuni, akasimama katikati ya zulia, peke yake. Mikono hakujua aiweke wapi. Mbele ya kipaza kuna mahali pa kuweka mikono, lakini hufundishwi mpaka usimame pale. Mwisho akaikunja kifuani, kama yuko dukani anamngoja mteja aache kubabaika. Binti akainua kidole. Nikaanza kupiga.

Kaka akaita kutoka chooni, na hapo hata mimi niligeuka. Vigae vilikuwa vimeichukua ile sauti yake iliyochubuka, vimeizungusha, vimeifuta kutu yote. Ilitoka pale mlangoni ikiwa ya kijana. Ya kijana aliye mbali, amesimama ukingoni, na maji ni mengi.

Na Shemeji akamjibu, karibu, ndani ya sikio la dunia:

*Ng'ombe nampokea leo,*
*wewe utavuka kesho.*

Niliona binti nyuma ya kioo ameinua kichwa. Ngoma ilijikwaa, nilikuwa nimeapa haitajikwaa. Kaka akaita mara ya pili, kwamba amekuja na kitanda, miguu yake ya mninga. Shemeji akaachia mikono:

*Kitanda chako kizuri,*
*kigeuze kiwe mtumbwi.*

Binti alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja, miwani imepanda kwenye paji. Kaka hakuwa anasikia kitu. Kule ndani jibu lilimfikia likiwa lahani tu, nami najua, kwa sababu aliita mara ya tatu kwa uchungu mkubwa zaidi, kwamba sasa hana ng'ombe wala kitanda, amekuja mikono mitupu. Hapo ndipo kwaya hupiga magoti na bibi harusi huinuka. Shemeji akavuta pumzi. Hakuimba kwa nguvu. Aliimba taratibu, kila neno limesimama peke yake:

*Mikono mitupu ndiyo safi.*
*Vuka basi, mpenzi, vuka.*
*Mto wenyewe wa magotini.*

Gitaa halikuwepo kuufunga wimbo, lilibaki ndani na mpigaji alikuwa chooni, kwa hiyo ulikwisha hivyo. Binti alisahau kuzima mitambo. Kwenye ile rekodi, ukisikiliza vizuri, baada ya neno la mwisho kuna mtu anacheka koridoni, halafu kwa mbali sana mwanamume anauliza, "Imetoka? Turudie? Huku ndani inasikika vizuri kweli."

Jumapili mchana tulikaa kwao, redio mezani, chai kwenye vikombe. Adabu ilikuwa imepungua kidogo. Shemeji alikuwa amemwambia kaka aondoe miguu yake mezani, nikapata matumaini. Wakapiga kwaya, wakapiga bendi ya harusi, wakapiga sabuni, wakampiga Chuma. Kisha mtangazaji akasema sasa ni zamu ya wenyewe.

Kaka alisikiliza sauti yake ikija kutoka mbali akafumba macho kama kawaida yake. Ng'ombe alipopita, akafumbua jicho moja. Kitanda kilipopita, la pili. Wimbo ukaisha, kile kicheko changu kikaisha, redio ikanyamaza kidogo kama inajiuliza.

"Magotini," kaka akasema.

"Magotini," Shemeji akasema, akammiminia chai.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Miaka yote hii nalilia mtumbwi, na mto ni wa magotini?"

"Ndiyo."

"Ungeniambia."

"Nilikuambia. Nilikuwa chooni."

Kaka akanigeukia. Siku hiyo sikuwa na misumari. Nikanywa chai, ikaniunguza, nikaendelea kuinywa. Kwanza mabega yake ndiyo yaliyoanza kutikisika, nikadhani ameumia, kisha kile kicheko kikapanda, cha mlango usiotiwa mafuta, akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Wa ng'ambo ee," akasema, akifuta macho. "Sasa na huyu mwanamume atajibu nini?"

"Hajibu kitu," Shemeji akasema. "Anakunja suruali."

Redioni simu zikaanza. Bwana mmoja alilalamika kwamba wimbo umeharibiwa na mwanamke hana adabu. Bibi mmoja akasema amengoja maisha yake yote mtu amwambie ukweli yule kijana. Mwalimu wa kwaya akapiga kuuliza, kwa upole lakini kwa wasiwasi, kama mto ni wa magotini, basi malaika wanavusha nini. Mtangazaji akasema tutakwenda kwenye matangazo. Shemeji hakuzima redio. Aliisogeza karibu.

Hivi karibuni tulikuwa dukani kwake, mimi nachagua kitambaa cha kochi la mteja mgumu, tukasikia mwanamke anapita nje na beseni lake, anauimba. Anaimba upande wa mwanamke, sio wa mwanamume. Shemeji akasimama na mita yake ya kupimia shingoni, anasikiliza. Yule mama akafika mwisho wa wimbo, akaimba kwa raha zake kwamba mto wenyewe ni wa vifundoni.

"Kakosea," Shemeji akasema, akatoka nje akiwa na haraka ya mwenye mali.

Niliwaona wakiongea barabarani, beseni kichwani, mita shingoni, mikono inapima kimo cha maji kwenye miguu yao. Kisha wakacheka. Shemeji akarudi, akashika mkasi, akaanza kukata bila kunitazama.

"Umemrekebisha?"

"Nilitaka."

"Ikawaje?"

"Magotini mtu anaweza kuwa na hoja. Labda kavaa nguo mpya, labda ana baridi. Lakini anayesimama usiku kucha analilia mtumbwi wa kuvuka maji ya vifundoni..." Akatingisha kichwa. "La kwake bora. Nimelichukua. Jumamosi tunaimba hilo."

"Na kaka umemwambia?"

"Kaka yako siku hizi hataki kutoka nyuma ya pazia, anasema ndiko kwenye sauti yake. Atasikia kwa watu," akasema, akaanza kulijaribu lile neno jipya kwa sauti ndogo, halafu kwa ile yake, mpaka wateja wa upande wa pili wa barabara wakageuka.